Namba Tano ya Marehemu

Kiangazi hicho, kila alfajiri, Zuurakan aliingiza mkono chini ya mto wake, akatoa kisanduku cheusi chenye vitufe, akamtukana marehemu mumewe, kisha akabonyeza namba tano.

Nje, nyuma ya hema, kitu kilikoroma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Mti mrefu ukainama taratibu, kamba ikajivuta juu ya paa, na kifuniko cha sufu kikajikunja kutoka kwenye tundu la paa kama kofia ya mtu anayesalimia wakubwa. Mwanga wa mlimani ukaanguka hadi mekoni. Zuurakan mwenyewe bado yumo ndani ya blanketi, miguu ina joto lake.

"Ahsante, mhuni wee," aliliambia tundu. Ndipo akaamka kwenda kukamua.

Katika bonde lile tundu la paa ndilo uso wa nyumba. Likifunguka alfajiri, watu wanajua mwenye hema ni mzima na si mvivu. Likichelewa mpaka jua limepanda, mwanamke wa hema hilo atasemwa, na wajukuu wake watasemwa kwa ajili yake. Na mchana halifungwi, ila kwa mambo mawili: mvua, au maiti.

Kwa desturi, kazi ya kuvuta kile kifuniko ni ya mke wa mtoto wa kiume wa mwisho. Mke huyo alikuwepo, jina lake Perizat, ila alikuwa mwalimu mjini Naryn, akikaa ghorofa ya nne, ambako madirisha hufunguliwa kwa kidole. Zuurakan akabaki na tundu lake na bega bovu. Bega liliharibika kiangazi kilichopita, jike la farasi lilipomwangusha, na toka hapo mkono wa kulia haukupanda juu kuliko sikio.

Joldosh, huyo mtoto wa mwisho, alitaka mama yake ahamie mjini. Walibishana majira yote ya baridi. Mwisho mwana aliona atumie akili. Alimwambia, "Mama, panda malishoni. Lakini siku nikisikia tundu lako halikufunguka, nakuja na lori, nakushusha, na hutapanda tena. Mtu asiyeweza kufungua tundu lake hawezi kukaa mlimani peke yake. Hilo si langu, ni la wazee."

Zuurakan alikubali upesi. Hakujua kwamba mwanawe alikwisha kuweka jicho, tena jicho lenyewe ni la Burulkan.

Burulkan alikuwa na hema ng'ambo ya kijito, mkabala naye kabisa. Siku moja kwenye harusi ya watu alionja maziwa ya farasi ya Zuurakan, yale yaliyochachuka vizuri kwenye kiriba cha ngozi, akakunja pua mbele ya wakwe na kusema yananuka mbwa aliyenyeshewa. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana kijitoni, Zuurakan alimsalimia punda wa Burulkan, akapita. Sasa kila asubuhi aliona mwanamke yule akipanda kile kilima kimoja chenye mtandao, simu sikioni, uso umegeukia tundu la jirani. Hakuhitaji kuambiwa nani yuko upande wa pili wa simu.

Asubuhi za kwanza alivuta kamba kwa mkono wa kushoto, akavuta kwa meno, akajifunga kamba kiunoni akatembea kuelekea kijitoni kama punda wa kinu. Lilifunguka, lakini jua lilikuwa limekwisha kunywa chai. Jicho likawa pale pale kilimani. Zuurakan alimsubiri Joldosh na lori siku ile, na siku iliyofuata. Hakuja. Akadhani Mungu amemwonea huruma.

Ndipo alipokumbuka dishi la televisheni.

Toktosun, mumewe, alilinunua mwaka ule shamba la ushirika lilipogawanywa. Wenziwe walichukua kondoo. Yeye alibadilisha kondoo wake kwa dishi pana kama uwanja wa kupuria ngano, lenye mkono wa chuma wa kulizungusha, mkono unaojichomoza na kujirudisha ndani kama shingo ya kobe, na kisanduku cha kuuamrisha. Dishi lenyewe sasa lilikuwa paa la kuku kule kijijini. Lakini mkono na kisanduku vilikuwa stoo, vimefungwa kwenye koti la jeshi. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo. Toktosun alikivuta. Majira fulani ya baridi karatasi za kusokotea tumbaku ziliadimika, akaanza na ukurasa wa kwanza, na kufikia theluji kuyeyuka alikuwa amemaliza hata jalada. Zuurakan alisema hakuna mtu duniani aliyekisoma kitabu kile kwa undani kama mapafu ya Toktosun.

Hivyo akajifunza kama watu wote wanavyojifunza mambo ya maana, yaani kwa kuharibu. Aliagiza vile vyuma vipandishwe na gari la nyasi. Umeme ulikuwa wa sola na betri ya lori, ambavyo Joldosh alimfungia kwa ajili ya taa na simu. Mara ya kwanza aliufunga mkono kwenye mlango wa banda la ndama, ukaung'oa mlango pamoja na nguzo. Akacheka, akajua nguvu ipo. Kilichopungua ni urefu, maana mkono ule ulichomoza hatua moja tu. Akakumbuka mti wa kisima cha baba yake, namna unavyosukumwa kidogo chini ukaenda sana juu. Akamwomba Asanaly, mchungaji wa jirani, amsimikie mti nyuma ya hema, upande ambao Burulkan haoni. Alimwambia ni wa kutundikia nyama mbwa wasiifikie. Asanaly ni mtu ambaye ukimpa mkate wa moto haulizi. Kamba moja mti ukienda nyuma inafungua, kamba nyingine ukija mbele inafunga.

Vitufe vilikuwa na maandishi ambayo hakuyajua, lakini namba alizijua. Moja, mkono ulisogea kidogo. Mbili, kidogo zaidi. Tatu na nne, nusu ya njia. Alipobonyeza tano mkono ulikwenda, ukakoroma, ukaenda tu, mpaka mwisho kabisa wa magharibi, na tundu lote likawa wazi.

Zuurakan alisimama pale na kisanduku mkononi. Alielewa. Kisanduku kilikuwa bado kinakumbuka mahali ambapo bwana wa nyumba alipenda kutazama.

Kwa sababu aliukumbuka mkoromo ule. Ni wa miaka ile, saa ambazo watu wema wamekwisha kulala, dishi lilipokuwa likigeuka kwenda mbali, mbali. Asubuhi akimwuliza Toktosun, alijibiwa: hali ya hewa ya Ulaya. Mpaka siku alipoingia sebuleni ghafla, akamkuta mumewe peke yake, dirisha wazi, mwekundu kama kiazi sukari, na kwenye televisheni wanawake wa nchi za mbali wanacheza ngoma, na kwa mavazi yao hali ya hewa ya Ulaya ilikuwa ya joto sana. Toktosun hakujitetea. Alichukua mto, akaenda kulala zizini, na Zuurakan alimwacha huko mpaka barafu ya mito ikayeyuka. Mpaka anakufa, hawakulitaja tena.

Basi ndiyo maana ya yale matusi ya alfajiri. Tena alianza kuyapenda. Mtu mzima akikosa wa kugombana naye, kifua kinaziba.

Kijito kikapungua, maua yakaja yakaenda, tundu likafunguka kila alfajiri kabla ya la Burulkan. Burulkan alipanda kilima, akasema alilosema, akashuka. Zuurakan alinenepa kwa ushindi.

Kilichomponza ni mapenzi ya mwanawe. Joldosh alimtumia mashine mpya ya kutenganisha malai na maziwa, ya umeme, mama asihangaike kuzungusha ile ya mkono kwa bega bovu. Ilifika na gari la nyasi, imefungwa vizuri. Adhuhuri ya siku iliyofuata, jua kali, mbingu haina hata unyoya, Zuurakan alimimina maziwa, akachomeka waya palepale palipochomekwa vingine vyote, akawasha.

Mashine ilinguruma. Taa ikafifia. Kwenye kisanduku cheusi namba nyekundu zikazimika, zikawaka tena, zote sifuri.

Na nje, bila kubonyezwa na mtu, mkono ukaanza kukoroma.

Hayo yalikuwa kwenye kitabu, bila shaka, kwenye ukurasa mmoja aliouvuta Toktosun: kwamba kisanduku hicho kikikata pumzi kikazindukana, jambo la kwanza kinarudisha mkono nyumbani. Na nyumbani, kwa jinsi Zuurakan alivyozifunga kamba zake, ni tundu kufungwa. Aliinua uso akaona mbingu inaliwa taratibu, nusu, robo, ukucha, kisha giza. Betri ikatoa mlio kama kifaranga na kufa.

Zuurakan alikaa gizani, mdomo wazi. Alibonyeza tano. Alibonyeza tano tena, kwa kidole gumba, kwa adabu, halafu bila adabu. Kitu hakikusema.

Alikuwa na wazo moja tu kichwani, nalo lilikuwa na jina la Burulkan. Ameona. Atapanda kilima. Lori litakuja. Moshi ulikuwa unajaa ndani kwa kukosa pa kutokea, akamwagia moto maziwa yaliyotolewa malai, ukafa kwa mlio. Akaufunga mlango kwa ndani, kamba mara mbili, asije mtu akaona mitambo. Akawasha tochi ya simu, akachukua kisu cha nyama, akaanza kufungua skrubu za kisanduku.

Mtu aliyezaliwa bonde lile, aliyeyasema maneno "mvua au maiti" tangu meno ya utotoni, siku hiyo aliyasahau kama hakuwahi kuyasikia. Hofu ina tabia hiyo, inakuonyesha mlango mmoja na kukuficha mingine.

Alikuwa kwenye skrubu ya tatu aliposikia kwato. Farasi mmoja, kisha wengi, wanakuja mbio. Na juu ya kwato, sauti ya mwanamume, ndefu, imepasuka katikati.

"Ewe mama yangu! Ewe mlima wangu uliokuwa unanikinga upepo!"

Nywele zilimsimama. Hicho kilikuwa kilio cha msiba, kile ambacho wanaume hukianza mbali wakiwa juu ya farasi ili wafiwa wawasikie. Sauti ilikuwa ya Asanaly. Zuurakan alianza kuwapitia watu wa bonde mmoja mmoja. Nani? Shangazi yake Asanaly alikuwa na mawe ya figo. Kazakbai alikuwa na kifua. Akaona aibu kwamba msiba umetokea na yeye anachezea skrubu. Na kinywa cha mwanamke wa kule kinajua kazi yake: wanaume wakilia nje, wanawake walio ndani ya hema wanaitikia. Kabla hajafikiri alikwisha kufungua koo na kuitikia kwa sauti ndefu, nzuri, ya huzuni, kama alivyofundishwa na mama yake.

Nje walimsikia. Wakasema, kumbe ndugu wa marehemu amekwisha kufika, yuko na maiti. Kilio kikazidi mara mbili.

Ndipo akaanguka mtu kwa magoti karibu kabisa na ukuta wa sufu, na sauti ya mwanamke ikaanza mbolezi, na Zuurakan akaacha kuitikia. Hiyo ilikuwa sauti ya Burulkan.

*Ulikuwa saa yangu, tundu lako alfajiri,*
*Sasa nitatazama nini, Zuurakan jirani jeuri?*

Kisu kikamtoka mkononi.

Alibaki pale, tochi inamulika miguu yake. Jina ni lake. Alijishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, hakuyapata, maana hata siku za afya hakuwahi kuyapata. Akaanza kufikiri kwa uzito kwamba huenda amekufa. Ile mashine iliponguruma, pengine umeme ulimpitia. Giza hilo, moto umezimika, sauti za watu zinakuja kwa mbali kidogo. Akapapasa mezani, akapata andazi la jana, akalitia mdomoni, akatafuna. Lilikuwa gumu. Akahitimisha kwamba yu hai, kwa sababu aliambiwa huko tuendako chakula ni laini.

Ndipo maneno "mvua au maiti" yakamrudia, yote mawili kwa pamoja, na mbingu haikuwa na wingu. Akakaa chini.

Burulkan aliendelea. Hakuwa na haraka.

*Mwanao akiniuliza, nilisema limefunguka,*
*Hata siku ulipochelewa na jua limekwisha chomoka.*

Zuurakan aliyasikia haya, na mshtuko wa kufa ukawa mdogo mbele ya huu. Zile asubuhi za meno na kiuno, zile alizosubiri lori lisije. Haikuwa huruma ya Mungu peke yake. Alikuwa yule pale kilimani, na simu yake, na pua yake ya kukunja, akimdanganya mtoto wa watu kwa ajili ya mwanamke ambaye husalimia punda wake.

*Maziwa yako ya jike nilisema yanuka mbwa,*
*Uongo mtupu, mwenzangu, kwa wivu nilisumbuliwa.*

Hapo hakuweza kujizuia. Binadamu ana mpaka wake.

"Rudia hapo kwenye maziwa," alisema kutoka gizani.

Nje hata farasi waliacha kutafuna. Kisha farasi wa Asanaly akatimka, na Asanaly, ambaye alikuwa mguu mmoja juu na mmoja chini, akatimka naye kwa namna yake. Mtu mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi kwa haraka, akarukia katikati.

Zuurakan alifungua kamba, akasukuma mlango, akasimama juani akipepesa macho. Uso umepakwa masizi, makombo ya andazi kidevuni. Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Waliokuwa wamesimama walikaa.

Burulkan alikuwa chini, kilemba kimefunguka, nywele nyeupe mabegani, machozi yanatiririka bado kwa sababu hayakupata habari. Alimtazama jirani yake juu mpaka chini.

"Hukufa?"

"Bado."

"Basi nirudishie machozi yangu."

"Njoo ndani unywe maziwa ya mbwa, utayapata mengine," alisema Zuurakan, na sauti ikamkatika pale alipotaka iwe na dhihaka. Akamshika Burulkan mkono amwinue, kwa lile bega bovu, likauma mpaka machozi yakamtoka na yeye, na watu hawakujua ni ya nini, na yeye hakuwaambia.

Akawaeleza kwa ufupi: mashine, umeme, kifuniko. Hakuna aliyeelewa. Wakazunguka nyuma ya hema, wakautazama mti na mkono wa chuma kama watu wanaotazama mnyama asiye na jina. Asanaly alirudi akichechemea, akaangalia nguzo aliyoisimika yeye mwenyewe, akauliza kwa uchungu, "Na nyama ya kutundika iko wapi, mama?"

Ilikuwepo. Mtu alikuja na kondoo wa msiba na tayari alikuwa amemchinja nyuma ya farasi, na kondoo wa msiba hafufuki hata maiti akifufuka. Moto ukawashwa nje, sufuria ikabandikwa. Ilikuwa karibu iwe sherehe, mpaka Zuurakan alipouliza, kama mtu anayeuliza chumvi, ni nani aliyempigia Joldosh simu.

Asanaly akainamisha kichwa. Kabla ya kuja kulia, alikuwa ameanzia kilimani penye mtandao.

Walipanda tena, wakapiga. Simu haikupatikana. Mwana alikuwa amekwisha kuingia korongoni, kwenye ile barabara ambayo hata kwa moyo mtulivu mtu huendesha akisali. Zuurakan aliacha kucheka. Alikaa juu ya jiwe mlangoni, akageukia upande wa njia, na mtu alipomletea ini la kondoo lililokaangwa, sehemu ya heshima, alilishika tu mkononi mpaka likapoa. Lori lije, alikuwa akisema moyoni. Lije tu. Linishushe, lakini lije.

Jua lilikuwa limegusa ukingo wa magharibi gari dogo lilipotokea. Lilisimama ng'ambo ya kijito. Watu wakanyanyuka wapunge mikono, wakapiga kelele kwamba mzima, mama yuko mzima. Lakini upepo ulikuwa unatoka kule. Joldosh alishuka kama inavyompasa mtoto wa kiume aliyefiwa, akavunja fimbo ya mwerebi, akaiegemea, akainama mpaka kichwa kikawa usawa wa kiuno, akaanza kutembea kwa mguu ndani ya maji akilia.

Zuurakan hakuwahi kuisikia sauti ile tangu mwana akiwa mtoto wa kunyonya. Hakuna maneno ndani yake, wala mlima wala upepo, ni mama tu, mama, mama, kama ndama. Perizat alikuwa nyuma yake, ameshika viatu vya mumewe kifuani.

Alikuja hivyo macho chini mpaka fimbo ikagusa kitu. Akaona viatu vya ngozi vya mama yake. Akaona ndani ya viatu kuna miguu. Akainua uso polepole, akamkuta Zuurakan amesimama na upawa mkononi.

Alikaa kwenye matope akamtazama, rangi yote imemtoka. Kisha akamkumbatia miguu, kisha akasimama akamshika lile bega zima akamtikisa.

"Usirudie, mama. Unanisikia? Usinifanyie hivi tena."

"Nikifa kweli sitakuambia," Zuurakan alisema kwa sauti ndogo.

Walipokwisha kulia na kula, yakaja yale yaliyokuwa yanakuja tangu mwanzo. Joldosh alisema wanashuka kesho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Tundu lilifungwa mchana, bonde zima limeona, mkataba ni mkataba. Tena mama aliyefungia moto na moshi ndani na kuchokonoa umeme kwa kisu cha nyama si wa kuachwa mlimani. Zuurakan alimwambia amekwisha kumlilia hapa, na mtu huzikwa pale alipoliliwa, hazikwi ghorofa ya nne. Joldosh alisema hilo halimo katika dini. Burulkan akajitia akasema tundu halijawahi kuchelewa hata siku moja, naye ni shahidi. Joldosh akamjibu kwa heshima zote kwamba shahidi ameimba ushahidi wake mwenyewe mbele ya watu, na Asanaly amemwimbia tena yeye Joldosh alipofika.

Zuurakan aliona mambo yamekwisha. Akaanza kuhesabu moyoni atakaowaachia farasi wake.

"Hebu nione huo mtambo wenyewe," Joldosh alisema, kwa uchovu tu, kama mtu anayetaka kujua kilichomfanya atembee ndani ya maji na soksi. Akalileta gari hadi hemani, akaunga betri yake kwenye nyaya. Namba nyekundu zikawaka. Akakishika kile kisanduku cheusi, akakigeuza, akatabasamu kidogo kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Kidole chake hakikutafuta wala hakikujaribu moja, wala mbili. Kilikwenda moja kwa moja kikabonyeza tano.

Nje mkono ukakoroma. Juu yao kifuniko kikajikunja mpaka mwisho, na mwanga mwekundu wa jua la kuchwa ukashuka ukawapata wote usoni.

Zuurakan hakutazama juu. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Ni nani aliyekuambia tano?"

Joldosh alifungua mdomo. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Kuanzia shingoni, taratibu, akaiva mwekundu kama kiazi sukari.

Na Zuurakan akaliona lote kwa mara moja. Mwaka ule Joldosh ametoka jeshini, analala sebuleni, karibu na dirisha kubwa linalofunguka kwa nje. Toktosun, ambaye alikuwa akilala mapema kuliko kuku wake, amekaa peke yake mbele ya televisheni, na dirisha liko wazi katikati ya baridi. Wekundu ule wa Toktosun haukuwa haya ya alichokuwa akitazama. Aliingia sebuleni dakika moja kabla ya mkewe, akamtoa mwanawe kupitia dirishani, kisha akakaa kwenye kile kiti akaipokea dhoruba. Akachukua mto wake, akaenda zizini. Hata ile hali ya hewa ya Ulaya aliisema kumfunika mwana. Majira mazima ya baridi! Na juu yake, kiangazi kizima cha matusi ya alfajiri.

"Baba alisema nisiseme," Joldosh alinong'ona. "Alisema, wewe bado unatafuta mchumba, mimi nimekwisha kumpata."

Zuurakan akakichukua kisanduku, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake.

"Kwani tano ni nini?" Perizat aliuliza. Alikuwa amekaa na bakuli lake la maziwa, anawatazama mmoja baada ya mwingine, na walimu hawaulizi mara moja wakaacha.

Mama na mwana walitazamana. Nje watu walikuwa wakicheka kitu kingine, na Burulkan alikuwa akiomba aongezwe maziwa, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Tano, mkwe wangu," Zuurakan alisema polepole, kila neno akiliweka chini kama yai, "ni mahali ambapo zamani, katika nyumba hii, mtu mmoja alipenda kutazama hali ya hewa—"

"Mama abaki," alisema Joldosh.

Perizat akageuka. "Si ulisema kesho asubuhi?"

"Nimefikiri. Hewa ya huku inamfaa. Nitamletea betri ya pili, mashine ya malai iwe na yake peke yake. Na asubuhi Burulkan atapita, si kutazama kwa mbali, atapita ndani, wanywe chai pamoja. Abaki mpaka theluji."

"Na mwakani," Zuurakan alisema.

"Na mwakani."

"Na hali ya hewa?" Perizat aliuliza.

"Nzuri sana, mwanangu," mama mkwe alimjibu. "Haijawahi kuwa nzuri hivi."

Alfajiri iliyofuata Zuurakan aliingiza mkono chini ya mto. Akakishika kisanduku muda mrefu bila kubonyeza, na ng'ambo ya kijito tundu la Burulkan likamtangulia kufunguka, na hakujali.

"Toktosun," alisema gizani, "kuhusu lile zizi. Nina maneno ya kukuambia, na mengine ni ya kupigia magoti, na magoti yangu unayajua. Nitakuja tuyazungumze uso kwa uso." Akafikiri kidogo. "Lakini si mwaka huu."

Kisha akabonyeza tano.